Reli za sitaha kwenye meli za karatasi: uzi, shaba, kadibodi au brasi?

Uzi wa kawaida wa cherehani una unene wa karibu mm 0.2. Kwenye modeli ya karatasi ya skeli 1:250, yaani meli iliyopunguzwa mara 250, uzi huo unasimama badala ya bomba la mm 50, na hapo uko sawasawa, kwa sababu mkono wa reli ya meli halisi huwa na unene wa aina hiyo. Kwenye skeli 1:400 uzi uleule unakuwa bomba la mm 80. Vuta nyuzi tatu za namna hiyo kuzunguka sitaha na utakachokiona ni zizi la ng'ombe. Ndiyo maana bei ya vifaa haiamui mengi katika kuchagua reli. Kinachoamua kwanza ni unene, halafu umbo la ukingo unaotaka kuuzungushia reli.

Tukubaliane maneno kabla ya kuendelea. Vinavyosimama wima ni nguzo. Vinavyolala kati ya nguzo ni fito. Ufito wa juu kabisa, ule ambao abiria anauegemea, ni mkono.

Hesabu kabla ya kununua

Mkataba wa kimataifa wa mistari ya upakiaji wa mwaka 1966 unataka reli iwe na kimo kisichopungua mita 1, uwazi wa chini kabisa usizidi mm 230, na uwazi kati ya fito nyingine usizidi mm 380. Jumlisha 230, 380 na 380, unapata 990. Kumbe fito mbili na mkono juu yake hazikuwekwa kwa kubahatisha: ndicho kiasi kidogo kabisa kinachotimiza sharti. Nguzo husimama kila mita 1.5 hivi, na kila nguzo ya tatu huwa na tegemeo la mshazari.

Ukigawanya kwa skeli, vipimo vya kuchora ni hivi:

- 1:200: mkono kwenye mm 5, fito kwenye mm 1.15 na 3.05, nguzo kila mm 7.5
- 1:250: mkono kwenye mm 4, fito kwenye mm 0.9 na 2.4, nguzo kila mm 6
- 1:400: mkono kwenye mm 2.5, fito kwenye mm 0.6 na 1.5, nguzo kila mm 3.75

Meli zilizoundwa kabla ya mkataba huo hazilazimiki kuufuata. Liemba ya Ziwa Tanganyika, kwa mfano, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafanyiwa mabadiliko mengi baadaye. Meli ya namna hiyo usiitungie reli kutoka kichwani. Tafuta picha yake ya ubavuni ya mwaka unaoutengenezea modeli, hesabu fito, kisha hesabu nguzo kati ya vitu viwili unavyojua umbali wake, kama milango miwili iliyomo pia kwenye karatasi za modeli. Mlango wenyewe ni rula nzuri: ukiwa na kimo cha karibu mita 2, mkono wa reli utaangukia kwenye nusu yake. Angalia pia kama mkono ni wa mbao. Kwenye meli za abiria mara nyingi ndivyo ulivyo, nao huwa mpana kuliko bomba na una rangi ya kahawia. Hapo ukanda wa karatasi wa upana wa mm 0.4 unafaa kuliko uzi wowote.

Kujua unene wa uzi ulionao hakuhitaji kipimo cha fundi mitambo. Uzungushe kwenye penseli mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, bila kuuvuta kwa nguvu. Weka rula. Mizunguko 20 ikichukua mm 4, uzi ni mm 0.2, ikichukua mm 3, ni mm 0.15. Fanya hivyohivyo kwa waya na kwa mshipi wa kuvulia. Andika kipimo kwenye kibonge chenyewe, maana baada ya wiki hutakumbuka kipi ni kipi.

Na kama huna uzi mwembamba wa kutosha? Ondoa ufito mmoja. Kwenye 1:400, mkono na ufito mmoja mwembamba hupendeza kuliko fito tatu nene. Jicho husamehe kilichopungua upesi kuliko kilichovimba.

Nguzo za shaba, fito za uzi

Kwa skeli 1:200 na 1:250, na kwa mtu asiye na duka la vifaa vya modeli karibu, huu ndio mchanganyiko tunaoupendekeza kabla ya mwingine wowote. Shaba husimama wima bila kuyumba, uzi hunyooka, na vyote viwili vinapatikana mtaani.

Nunua waya laini wa umeme wa nyuzi nyingi, ule wa kamba za pasi na taa za mezani, ukubwa wa mm² 0.75. Ndani yake kila moyo una nyuzi 24 za shaba zenye unene wa karibu mm 0.2. Mita 1 ya waya wa mioyo miwili inakupa mita 48 za nyuzi. Nguzo moja kwenye 1:250 ni mm 4 juu ya sitaha na mm 3 za kuzama chini, jumla mm 7, kwa hiyo uzi mmoja wa shaba wa mita 1 unatoa nguzo 140. Sitaha ya sm 15 kwa sm 4 ina mzingo wa sm 38 na inahitaji nguzo 63 hivi. Hata ukiharibu nusu, hujamaliza uzi mmoja.

Kagua waya kabla ya kulipa. Kata ncha na uitazame kwa makini: shaba ni nyekundu mpaka ndani, lakini waya wa bei ya chini huwa ni alumini iliyopakwa shaba, na kwenye mkato utaona weupe. Huo hupinda ovyo na kukatika ukipindwa mara mbili. Usiuchukue.

Nyuzi za shaba zikitoka kwenye waya zimejisokota. Kuzinyoosha kwa vidole hakusaidii, kunaziongezea mawimbi madogo ambayo yataonekana yote baada ya rangi. Shika ncha moja kwa koleo, nyingine ifunge kwenye msumari, kisha vuta polepole mpaka uhisi shaba inakubali na kurefuka kidogo. Ikisharefuka hivyo inabaki imenyooka kama imepigwa rula, na inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Ukizidisha itakatika, sm 2 au 3 kwa mita zinatosha.

Paka rangi sasa, kabla ya kukata. Ning'iniza uzi wa shaba ukiwa na kitu kizito kidogo mwisho wake, ufute kwa asetoni uondoe mafuta ya vidole, upulizie praima mara moja na rangi mara moja. Kila tabaka huongeza unene pande zote mbili, na tabaka nne nzito zitakurudisha kwenye zizi la ng'ombe. Kukata, laza uzi juu ya kioo, gandisha kipande cha kadibodi kiwe kizuizi mm 7 kutoka kwenye alama, sukuma ncha mpaka igote, bonyeza kwa wembe. Mkasi hubana ncha ikawa bapa na haitaingia kwenye tundu.

Kwa fito, chagua uzi wa poliesta, tena ununue wenye rangi unayoitaka badala ya kuupaka. Poliesta haibadiliki sana na unyevu. Pamba hubadilika, na kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Muscat hilo si jambo dogo: reli iliyokazwa mchana wa kiangazi itabadilika mkazo msimu wa unyevu ukija. Pamba ina pia malaika, vile vinyweleo vinavyosimama kando ya uzi, na rangi ikivifikia vinakuwa miiba. Kama ndiyo uliyonayo, ipitishe mara mbili au tatu kwenye kipande cha nta ya nyuki, kisha ivute kati ya vidole ili nta ishike. Lakini kumbuka kwamba supaglu haishiki vizuri juu ya nta, kwa hiyo acha sehemu za kufungia bila kupaka.

Jambo la usalama hapohapo: supaglu ikimwagika kwenye pamba huchemka, inaweza kutoa moshi na kukuunguza kidole. Usiifute kwa pamba, na usivae glavu za pamba unapoitumia.

Kutengeneza reli nje ya meli

Kwa kingo zilizonyooka, reli hutengenezwa kwenye fremu kisha hupachikwa ikiwa kipande kimoja. Chora mistari ya fito na nguzo kwenye karatasi nyeupe kwa vipimo vya juu, kwa penseli ngumu iliyochongwa. Kata fremu ya kadibodi ya mm 3, sm 20 kwa sm 12, yenye dirisha la sm 14 kwa sm 8 katikati. Kwenye kingo mbili za upande mfupi weka mikato midogo ya wembe sambamba na mistari ya fito, na uzungushe uzi ukipita kwenye mikato hiyo. Seti mbili au tatu za reli hutoka kwenye fremu moja. Bandika mchoro nyuma ya dirisha ili uuone kupitia nyuzi, ukiwa umeufunika kwa tepu angavu gundi isiushike.

Ingiza nguzo za shaba nyuma ya nyuzi, moja moja, ukifuata mchoro. Sasa gundi. Chukua sindano ya kushonea, kata tundu lake kwa koleo ili libaki uma wenye meno mawili mafupi, na upande wa ncha uuchomeke kwenye kijiti. Uma huo ukiuchovya kwenye supaglu unabeba tone dogo kuliko kichwa cha pini. Uguse kwenye makutano ya uzi na shaba, tone linaingia lenyewe na kubaki pale. Reli ya sm 14 ina makutano 70 hivi. Fanya yote bila kuruka, kwa sababu makutano moja yasiyoshika yataufanya ufito uinuke utakapokata. Tone likizidi, uzi hulinyonya, unakuwa mgumu, unang'aa, na ukingoni mwake hutokea weupe kama ukungu. Weupe huo husababishwa na mvuke wa gundi kwenye hewa iliyotulia yenye unyevu. Fungua dirisha, au elekeza feni mbali kidogo na meza.

Acha ikauke saa 1, kisha kata nyuzi nje ya nguzo za mwisho, ukibakiza mm 5 kila upande za kufungia kwenye ukuta wa chumba cha sitaha.

Matundu ya nguzo yatobolewe mapema, kabla sitaha haijagandishwa kwenye meli, na sitaha iwe imebandikwa juu ya kadibodi ya mm 1. Tumia sindano nyembamba, toboa ukitokea juu, mm 1 ndani ya ukingo. Ukitoboa karibu zaidi, kadibodi itapasuka pembeni. Ukitokea chini, uso wa juu utabaki na vidonda vilivyovimba kuzunguka kila nguzo. Kugandisha nguzo kwenye sitaha tumia gundi nyeupe ya mbao, kamwe si supaglu: supaglu hupenya kwenye karatasi iliyochapwa na kuacha doa jeusi kama la mafuta, ambalo halifutiki.

Kwenye omo, tezi na ngazi

Reli ya fremu haipendi kupinda. Kwenye omo (mbele ya meli), na kwenye tezi (nyuma) ya mviringo, simika nguzo kwanza, halafu vuta nyuzi ukiwa kwenye meli yenyewe. Anza na ufito wa chini. Ukianza na mkono, kila mara kibano kitakapoingia kufikia fito za chini kitaugonga. Gandisha katikati ya uzi kwenye nguzo ya katikati ya omo, subiri ishike, ndipo uende upande mmoja nguzo tatu, kisha upande wa pili nguzo tatu, hivyohivyo hadi mwisho. Ukimaliza upande mzima kabla ya mwingine, nguzo zote zitalala kuelekea ulikoanzia.

Kosa linaloharibu kazi nyingi hapa ni kuvuta uzi kama kamba ya ngalawa. Uzi unatakiwa unyooke tu. Ukiukaza, nguzo za kona huinama kuelekea ndani, na utakapokaza ufito wa pili ule wa kwanza unalegea. Nguzo za kona zipe mategemeo mawili ya mshazari ya shaba, kila moja upande wa mstari wa reli, yaliyogandishwa kabla ya uzi wowote kupita. Meli halisi hufanya hivyohivyo.

Ngazi za nje zina sheria yake: fito hufuata mteremko lakini nguzo hubaki wima. Reli ya uzi iliyokwisha kushikwa na gundi haikubali kulazwa namna hiyo. Ama uichore hivyo tangu kwenye fremu, ama utumie brasi (aloi ya shaba na zinki), ambayo ukishika ufito wa chini na kusukuma mkono kidogo inageuka yenyewe kuwa mshazari.

Brasi

Reli za brasi hukatwa kwa tindikali kutoka kwenye bati la unene wa mm 0.1 hadi 0.2, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kufikia usawa wake. Kwa 1:400 ndizo bora, na kwa manowari za 1:200 zenye mamia ya nguzo zinaokoa wiki nzima. Tatizo ni kwamba zimetengenezwa kwa umbali na kimo maalumu. Reli isiyolingana na picha ya meli yako si kitu cha kulipia hata ikiwa nzuri.

Zikate kwenye fremu yake juu ya kioo. Juu ya zulia laini la kukatia, wembe huzamisha brasi na kuikunja. Vibaki vya vidaraja, yaani viungo vidogo vilivyoshika reli kwenye fremu, visage kwa msasa namba 600. Zioshe kwa sabuni, zikaushe, zipake praima, kisha rangi, ndipo uzipinde. Na upinde kwenye nguzo au kuzunguka msumari wenye kipenyo cha pembe unayoitaka, kwa sababu katikati ya nguzo fito zitajikunja kila moja kivyake. Kama brasi inarudi nyuma kila ukiipinda, ipitishe haraka juu ya mwali wa kiberiti cha gesi hadi ibadilike rangi, iache ipoe, itakuwa laini. Hilo fanya kabla ya rangi, bila shaka.

Seti nyingi zina ufito wa ziada chini kabisa, uliowekwa ili upate mahali pa kupaka gundi. Meli halisi haina kitu hicho. Kwenye 1:200 ukate na usimike nguzo kwenye matundu. Kwenye 1:400 uuache, ila uupake rangi ya sitaha, na hautaonekana ukiwa sm 30 mbali.

Kadibodi ya leza

Hii ni reli ya kadibodi iliyokatwa kwa leza. Inapatikana kwa modeli nyingi za Ujerumani na Poland, na ina sifa moja nzuri: ni karatasi, kwa hiyo inafanana na modeli yote na kupokea gundi nyeupe. Udhaifu wake ni miguu ya nguzo, ambayo hukatika ukiigusa kwa mkono wa shati, na kingo zake zilizoungua ambazo zinabaki na rangi ya kahawia. Kwa reli nyeupe rangi hiyo huonekana wazi. Ipulizie rangi pande zote mbili ikiwa bado kwenye fremu, tabaka jepesi kila upande, mara mbili. Ipinde kufuata omo kabla ya kuigumisha. Kisha ndipo uguse supaglu nyembamba kwenye miguu ya nguzo na kuiacha ipande yenyewe.

Vingine

Nywele bandia za kusukia ni nyembamba kama unywele, zimenyooka, na nyeusi zake zinafaa fito za 1:400. Zishike kwa supaglu na uziweke mbali na asetoni. Mshipi wa nailoni tunauweka mwisho: unang'aa, haushiki rangi, unakumbuka mviringo wa kibonge chake, na hurefuka hewa ikiwa na unyevu. Reli iliyochapwa kwenye plastiki angavu inafaa modeli ya mtoto wa shule. Taa ikiwaka utaona plastiki yenyewe badala ya reli. Ukiichapa, hakikisha plastiki ni ya printa yako, maana isiyo ya leza huyeyuka ndani ya printa ya leza.

Kukata reli za karatasi kwa mkono kunawezekana kwenye 1:100, ambako kimo ni mm 10 na mkono mm 0.5. Chini ya hapo wembe hauwezi kuacha ukanda mwembamba inavyotakiwa bila kuupasua.

Baada ya kupachika

Subiri siku mbili tangu gundi ya mwisho ya kiunzi na sitaha ikauke ndipo upachike reli yoyote, hasa ya uzi. Karatasi iliyolowa gundi hupanuka na kurudi, na sitaha ikirudi hata mm 0.5 baada ya reli kukazwa, fito zote zitaning'inia. Reli ya pamba iliyolegea kidogo unaweza kuiokoa kwa kuigusa kwa brashi yenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 5; inapokauka hujikaza. Ya poliesta hairudi. Kata ufito huo, uvute mwingine.

Mwisho kabisa acha pengo pale abiria wanapopandia, kila upande wa meli. Reli hukoma kwenye nguzo mbili zenye mategemeo, na kati yake hupita minyororo badala ya fito. Uzi wa pamba uliosokotwa mara mbili, ukiachwa ulegee kwa upinde mdogo na kuguswa kwa gundi nyeupe ukiwa unaning'inia hivyo, ukikauka ndio mnyororo wenyewe.